Jembe Lisiwe Fimbo

Wako walimu wenzetu ambao mtoto akichelewa shuleni humpa jembe akalime. Akipiga kelele darasani, jembe. Akisahau daftari lake, jembe. Bustani ya shule imekuwa gereza dogo, na matuta yake yamekuwa hesabu ya makosa. Desturi hiyo twaikataa, na sababu zetu ni hizi.

Mtoto hujifunza kwa yale atendewayo kuliko kwa yale aambiwayo. Asubuhi mwalimu humwambia kwamba kilimo ni kazi ya heshima. Mchana humpeleka bustanini kama mkosaji. Je, ataamini lipi? Akimaliza masomo atalikimbia jembe kama mfungwa akimbiavyo lango la gereza, na baba yake alimaye kila siku atamwona kuwa mtu aliyehukumiwa maisha. Kisha wazee hulalamika kwamba vijana wanahama vijijini. Ni nani aliyewafundisha?

Wako wajibuo kwamba jembe ni la mtu asiyejua kalamu. Hao na watazame Urusi, wamwone Anton Chekhov, tabibu na mtungaji wa hadithi na michezo, ambaye sifa zake zimeenea ulimwenguni. Babu yake alikuwa mtumwa wa shamba, akajikomboa kwa fedha mwaka 1841. Kama yuko mtu aliyekuwa na haki ya kulichukia jembe, ni mjukuu huyo. Walakini mwaka 1892 aliuacha mji wa Moscow, akanunua nyumba ya shamba huko Melikhovo, mwendo wa kilomita 70 hivi upande wa kusini.

Katika nchi ile theluji huifunika ardhi miezi mingi. Kiangazi chao si majira ya ukame kama chetu. Ndiyo majira ya kuota kila kitu. Mwezi Juni mchana huwa wa saa 17, na mtu aliyekaa ndani wakati wote wa baridi hutoka kama kuku aliyefunguliwa tunduni. Siku hizo Chekhov hakuzilala. Alipanda mitofaa na micheri, akapogoa mawaridi, akachimbisha bwawa la samaki. Dada yake Maria akasimamia bustani ya mboga. Mwaka 1894 alijenga kijumba katikati ya bustani, na humo, mwaka 1895, akatunga mchezo wake mashuhuri wa Shakwe. Basi kalamu na jembe vilikaa ua mmoja wala havikugombana.

Tena hakuifanya bustani kuwa maficho. Kipindupindu kilipotisha mwaka ule wa 1892, aliangalia vijiji 25 bila mshahara. Kisha akajengesha shule tatu kwa ajili ya watoto wa wakulima. Ugonjwa wa kifua ulipomlazimu kuhamia Yalta, alipanda bustani nyingine katika ardhi ya mawe.

Watasema, "Huyo alikuwa na watumishi, alilima kwa kujifurahisha." Ni kweli, watumishi alikuwa nao. Lakini na wawatazame watu wa mijini wa nchi iyo hiyo, wasio na mtumishi hata mmoja. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Kisovieti iliwagawia wafanyakazi viwanja vidogo vya bustani, vingi vikiwa vya meta za mraba 600. Jumamosi na Jumapili za kiangazi walimu, matabibu na mafundi waliondoka mjini kwenda kupalilia, kunywa chai chini ya miti na kupumzika. Na katika miaka ya 1990, mishahara ilipochelewa miezi mizima, viazi vya viwanja hivyo vililisha jamaa nyingi. Furaha yao ya kiangazi iligeuka kuwa chakula cha baridi. Ambaye tangu utoto amefundishwa kulichukia jembe, siku kama hiyo atashika nini?

Hatusemi kwamba mtoto mkosefu asiadhibiwe. Aliyechafua na afagie. Aliyevunja na atengeneze. Aliyechelewa na akae nyuma amalize somo lililompita. Adhabu ifuate kosa lake. Lakini jembe halikukosewa na mtu. Kila mtoto na apewe tuta lake, achague mbegu yake, na mavuno ayachukue kwa mama yake. Na mwalimu ashike jembe pamoja nao, maana mtoto huiga mkono kabla ya kuiga mdomo.

Mkifanya hivyo, walimu wenzetu, mtaona ajabu: adhabu kubwa kuliko zote itakuwa kumwambia mtoto, "Leo hutaingia bustanini." Siku atakapolia kwa neno hilo, ndipo mtakapojua kwamba mmemfundisha kilimo.