Mwalimu wa Kiswahili na Kiti cha Kamati ya Shule



Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, sisi tunaokifundisha katika mji wa Kigali tumekuwa hodari wa kusherehekea. UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwaka 2021, tulitunga mashairi. Umoja wa Afrika ulipokikubali kuwa moja ya lugha zake za kazi, mwaka 2022, tulipiga vigelegele. Mwezi wa Julai 2025 Kigali yenyewe ikawa mwenyeji wa maadhimisho ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, nasi tukavaa kanga na kanzu. Hayo yote ni mema, wala hatuyabezi. Lakini Septemba shule zinapofunguliwa tunakuta kabati la vitabu ni lile lile, na darasa la mtihani limekwisha kuazima kipindi chetu kwa ajili ya hisabati. Ndipo tunapoanza kunung'unika, na manung'uniko yenyewe tunayapeleka mahali pasipo na uwezo wowote, yaani chumba cha walimu.

Tunalotaka kulisema, bila ya kulipaka asali, ni hili: mwalimu wa Kiswahili anayekwepa kugombea kiti katika kamati ya shule amejinyima mwenyewe haki ya kulalamika.

Kamati hiyo si pambo. Kila shule ina mkutano mkuu unaowakutanisha wazazi na walimu, na kamati huchaguliwa humo. Wizara ya Elimu ilipopanga upya michango ya shule za serikali na zile zinazosaidiwa na serikali, mwezi wa Septemba 2022, iliweka faranga 85,000 kwa muhula kwa mwanafunzi wa sekondari ya bweni, 19,500 kwa wa kutwa, na kwa mtoto wa shule ya msingi 975 za chakula. Ikaongeza kwamba mchango mwingine wowote sharti upitishwe na mkutano mkuu, na usizidi faranga 7,000. Basi na tuulize, ni nani aliyesimama katika mikutano hiyo akasema kwamba sehemu ya fedha za shule inunue vitabu vya hadithi vya Kiswahili? Aliyesimama alitaka kitu kingine, na alikipata kwa kuwa alikuwapo.

Wako watakaotujibu kwamba mtaala hutungwa na Bodi ya Elimu ya Msingi, si na kamati ya wazazi wa mtaani. Ni kweli. Kamati haiwezi kuongeza hata kipindi kimoja. Inaweza, hata hivyo, kumwuliza mkuu wa shule kama vipindi vilivyomo katika ratiba vinafundishwa au vimeandikwa ukutani tu kwa ajili ya mkaguzi. Anayeuliza hivyo haubadilishi mtaala, bali anaudai, na mkuu wa shule atalisikia swali la mjumbe aliyechaguliwa kabla ya kulisikia la mwalimu mmoja mwenye kinyongo.

Hapa Nyarutarama tuna shida ya namna yake. Kilima hiki ni cha uwanja wa gofu na nyumba za mabalozi, na watoto wake wengi husoma katika shule za binafsi, ambako Kiingereza kinatawala na Kifaransa kinapewa heshima ya mgeni. Mwenye shule ndiye mwenye neno la mwisho, lakini mzazi alipaye ada husikilizwa sana. Mzazi huyo akiuliza, "Kiswahili kitamsaidia nini mwanangu?" walimu huinamisha vichwa. Kwa nini? Saruji iliyojenga nyumba ya mtu wa hapa, au gari aliloliegesha nje, huenda limepita katika bandari ya Dar es Salaam au Mombasa, na akivuka mpaka kwenda Goma atakutana na Kiswahili kabla ya kukutana na afisa wa forodha. Ile kasumba ya kale kwamba lugha hii ni ya Nyamirambo na Biryogo, ya wachuuzi na madereva, bado haijafa. Na haitakufa ikiwa katika meza ya kamati hakuna hata mmoja wa kuipinga.

Wengine husema kugombea ni siasa. La hasha! Hata uchaguzi wa serikali za mitaa nchini Rwanda hauendeshwi kwa tiketi za vyama, sembuse wa kamati ya shule. Kinachowasumbua wenzetu hawa, tunadhani, ni aibu ya kuhesabiwa hadharani. Katika uchaguzi wa vijiji wapiga kura hupanga mstari nyuma ya mgombea wao, na kila mtu huona. Wakenya wana sababu zao za kuuchukia mlolongo wa mwaka 1988, maana kulikuwa na mahali ambapo mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu. Lakini anayesimama mbele ya wanafunzi arobaini kila siku ataogopaje kusimama mbele ya wazazi?

Jambo jingine ni hesabu ya viti. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inawapa wazazi viti sita katika bodi ya shule, na walimu kiti kimoja. Tusigombanie hicho kimoja peke yake. Wengi wetu ni wazazi pia. Mwalimu na agombee kama mzazi katika shule anakosoma mwanawe, ambako mkuu wa shule si bwana wake na hawezi kumtisha kwa ratiba wala kwa ripoti ya mwaka.

Tena agombee kwa Kinyarwanda. Tunajua kwamba baadhi ya wenzetu watachukia kusikia hivyo. Lakini mtu anayewahutubia wazazi wa Kigali kwa Kiswahili cha insha, wakamwelewa nusu, huwathibitishia kwamba somo lake ni la kigeni. Hoja ya Kiswahili inayowafikia wazazi katika lugha ya nyumbani mwao haijapungukiwa na kitu.

Anayekusudia kusimama asisubiri mkutano wa kuchagua. Aanze kuhudhuria kikao cha jioni cha familia katika kijiji chake, na abaki kuzungumza baada ya umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, hali majembe bado yako mikononi. Wapiga kura wake wako huko.