Sifa za Mfungaji Peke Yake

Katika Ligi Kuu ya Tanzania, Meddie Kagere wa Simba alifunga mabao 23 msimu wa 2018/19, na 22 msimu uliofuata, akawa mfungaji bora mara zote mbili. Hatumwonei kijicho, lakini mipira alipewa na nani? Marekani nako, tuzo ya mchezaji bora wa ushambuliaji, itolewayo na Associated Press tangu 1972, haijapata kumfikia hata mmoja wa wale wamkingao mrushaji mpira asiangushwe.

Basi kijana achezaye Bomani, Tarime, ajifunze nini? Kwamba kutoa pasi ni hasara? Kidole kimoja hakivunji chawa. Tuzo ihesabuyo kidole kimoja hufundisha uchoyo. Waitoao na wawahesabu watoa pasi pia, ama wasiiite kipimo cha ubora.