Jina la wote lilindwe mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa huu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wafanyabiashara wadogo wengi hulidharau, yaani kuandikisha alama ya biashara. Wapo wanaoamini kwamba jina likishazoeleka kwa wananchi hakuna awezaye kulichukua. Mimi siafiki, na mfano wangu nautoa Australia.

Huko kuna buti za ngozi ya kondoo, zenye manyoya kwa ndani, ambazo wenyeji huziita "ugg". Viwanda vidogo vingi vimezitengeneza kwa miaka mingi, na kwao neno hilo ni la kawaida tu, kama sisi tusemavyo makubazi. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtu mmoja aliandikisha jina la "ugh-boots" kuwa alama yake. Baadaye alama hiyo iliangukia mikononi mwa Deckers, kampuni ya Marekani. Watengenezaji wa Australia wakaanza kupelekewa barua za mawakili, wakitakiwa waache kutumia jina ambalo walikuwa wakilitumia siku zote.

Sheria ya Australia ya mwaka 1995 haimpi mtu jina kwa sababu tu amewahi kujaza fomu. Aliyetangulia kulitumia anaweza kumpinga mwombaji kwa hoja kwamba siye mwenye jina. Tena, alama ikikaa miaka mitatu mfululizo bila kutumika, inaweza kuombewa kufutwa. Mtu na mkewe wenye duka huko Australia Magharibi walitumia njia hiyo, na mwaka 2006 alama ya "ugh-boots" ikafutwa katika daftari.

Lakini ushindi huo haukuvuka bahari. Huko Marekani "UGG" ni alama ya Deckers, nayo ilikishtaki kiwanda cha Australian Leather cha Sydney kwa kuwauzia Wamarekani buti kwa jina hilo. Mwaka 2019 kiwanda kilitakiwa kulipa dola 450,000. Kilijitetea kwamba kwao ni jina la kila mtu. Mahakama ikaona kwamba la kutazamwa ni vile mnunuzi wa Marekani anavyolielewa neno hilo, wala si vile Mwaustralia analivyolizoea. Rufaa ilishindwa mwaka 2021.

Sisemi kwamba daftari ni adui wa mnyonge. Burger King ya Marekani ilipoingia Australia mwaka 1971, jina hilo lilikuwa limekwisha andikishwa na duka la chakula la Adelaide. Wakubwa hao wakalazimika kutafuta jina jingine, na ndiyo maana mpaka leo maduka yao huko yanaitwa Hungry Jack's. Daftari halimjali mkubwa wala mdogo. Linamjali aliyetangulia, tena ndani ya mipaka ya nchi ile tu.

Sisi nasi tumekwisha kuonja hatari hii. Mwaka 2007 kulikuwa na upinzani mkubwa dhidi ya kampuni moja ya Uingereza iliyoomba kuandikisha neno "Kikoy" nchini mwake, vazi ambalo pwani yetu nzima inalifahamu. Ombi halikufanikiwa kwa sababu watu waliamka mapema. Je, wangelala?

Kwa hiyo nawaomba wanaohusika mambo matatu. Kwanza, maofisa wa uandikishaji wasingoje watu ofisini, bali wawafuate mafundi na vyama vya ushirika sokoni na vijijini. Pili, wananchi waelezwe wazi kwamba alama iliyoandikishwa Bara hailindwi Zanzibar, kwa kuwa kila upande una daftari lake. Tatu, balozi zetu zifuatilie maombi ya alama huko ziliko, na zikiona jina letu la asili zitoe habari nyumbani kabla muda wa kupinga haujakwisha.

Gharama ya kuandikisha ni ndogo kuliko gharama ya wakili. Mali ya wote isipokuwa na mlinzi hupata mwenyewe, na huyo huenda asiwe mmoja wetu.

Msomaji wako,
Dar es Salaam