Nani Kasema Nadharia Imezidi?

Kuna sentensi moja ambayo ukiitamka popote kati ya Embu mjini na Maua hutapingwa na mtu. Iseme ndani ya matatu, iseme matangani, iseme barazani kwa chifu, hata mbele ya wahadhiri wenyewe: "Vyuo vyetu vimejaa nadharia tupu." Wote wataitikia kwa kichwa. Makanga atakutolea mfano wa binamu yake mwenye digrii anayeendesha boda boda. Mwanasiasa ataahidi karakana. Mimi nasema sentensi hiyo si kweli, na inawaumiza wanafunzi walewale inaojifanya kuwaonea huruma.

Ingia katika chumba cha kukodi cha mwanafunzi kule Nchiru, jirani na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, au karibu na Chuo Kikuu cha Embu, wiki moja kabla ya mtihani. Utakuta noti. Noti zilizotolewa fotokopi kutoka kwa fotokopi nyingine, jina la mtu aliyehitimu zamani likiwa bado kwenye kona ya ukurasa. Atazikariri usiku kucha, na asiyejiamini atajitengenezea mwakenya wa kuibia mtihani. Keshokutwa zitakuwa zimemtoka kichwani. Hiyo ndiyo nadharia tunayodai imezidi? Nadharia ni maelezo ya kwa nini jambo huwa jinsi linavyokuwa, na ukiyashika vizuri unaweza kubashiri jambo ambalo hujaliona bado. Noti za kukariri hazibashiri chochote isipokuwa swali la pili la mtihani.

Niliwahi kumwona mwanafunzi wa kilimo, akiwa katika atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, kule Mbeere, akiwaonyesha kina mama jinsi ya kupima ukavu wa mahindi kwa chupa na chumvi. Wengi mnaujua ujanja huo. Unachukua chupa kavu ya kioo, unatia mahindi hadi theluthi, unaongeza vijiko kadhaa vya chumvi kavu, unafunga, unatikisa, kisha unaiacha itulie robo saa. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Ikishuka yote chini, yamekauka. Kijana alifanya kila hatua bila kosa. Chumvi ikashuka. Akatangaza kwamba mahindi yako tayari kutiwa magunia.

Mama mmoja mzee akamuuliza, "Na kwa nini chumvi, mwanangu? Mbona isiwe mchanga?"

Kijana akacheka, akasema ndivyo walivyofunzwa.

Swali la yule mama lilikuwa bora kuliko maswali mengi niliyowahi kuyaona kwenye karatasi za mitihani. Chumvi huanza kunyonya maji hewani pale unyevu wa hewa unapofika asilimia 75 hivi. Mahindi yenye maji asilimia 15, yakifungiwa chupani, huifanya hewa iliyo kati ya punje ifikie karibu kiwango hichohicho. Ndiyo maana chumvi hushika. Sasa fuata jambo hilo hadi mwisho wake. Chupa inaweza kukuambia kama mahindi yako juu au chini ya asilimia 15, basi. Haina uwezo wa kukuambia kama yameshuka hadi 13.5, kiwango kinachotakiwa kabla ya kuyaweka ghalani. Mahindi ya asilimia 14.5 yatapita mtihani wa chumvi, yatafungwa guniani, na humo yanaweza kushika joto na kuota ukungu. Mwenye ufundi tu atasema tayari. Anayejua sababu atasema rudisheni kwenye turubai, jua la siku moja mbili zaidi.

Tofauti hiyo huua watu. Mwaka 2004, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yalizalisha sumu ya aflatoksini mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiathirika zaidi. Watu 317 waliugua, 125 wakafa. Sumu ile haiishi kwa kuchemsha githeri, hata ukiiacha jikoni tangu asubuhi hadi jioni.

Kwa hiyo mtu anaponiambia kijana yule alihitaji vitendo zaidi, namshangaa. Vitendo alikuwa navyo tele. Alichokosa ni ile sura ya fizikia na kemia ambayo sote tunaitukana kwa jina la nadharia tupu.

Watetezi wa vitendo hupenda kujiona waasi. Ni waasi wa ajabu, maana fikira yao imekuwa ikirudi serikalini kwa karne nzima. Tume ya elimu ya Phelps-Stokes ilipozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ushauri wake ulikuwa huohuo: Mwafrika afunzwe kilimo, ufundi na usafi, elimu ilingane na mazingira yake. Wazee walielewa maana ya maneno "mazingira yake". Yalimaanisha baki hapo ulipo. Shule huru zilizoanzia Ukikuyuni zikaenea hadi Embu zilijengwa na watu waliotaka watoto wao wasome vitabu vilevile walivyosoma watoto wa Mzungu, pamoja na Kiingereza chake. Hawakuwa wajinga wa jembe. Jembe walilijua kuliko tume yoyote.

Kisha tukajitawala, na wimbo ukaanza upya kwa sauti zetu wenyewe. Ripoti ya Mackay ya 1981 ilizaa mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, nao ulisifiwa kwa lipi? Kwa vitendo. Useremala, ushonaji, sayansi ya nyumbani. Wazazi walichanga harambee kujenga karakana ambazo nyingine hazikuwahi kupata randa, na baadaye masomo kadhaa ya aina hiyo yakapunguzwa kwa sababu ya mzigo na gharama. Mwaka 2017 tukaanza kuujaribu mtaala wa umilisi, na vyuo vya ufundi navyo vikaimba umilisi. Miaka zaidi ya arobaini ya dawa ileile, na mgonjwa bado analalamikia maumivu yaleyale.

Sidharau mikono. Chuo Kikuu cha Embu chenyewe kimekua kutoka chuo cha kilimo kilichoanza 1947, na chanzo cha namna hiyo si cha kuonea haya. Ninachokataa ni kule kuitenganisha mikono na sababu, kana kwamba sababu ni anasa ya watu wa Nairobi. Palepale Nchiru yapo makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru. Sijasikia mtu akiwaambia wazee wale kwamba kanuni wanazohukumia kesi za ardhi ni nadharia tupu.

Tuje kwenye majani chai. Mwanafunzi wa biashara anayetoka Kionyo, Imenti Kusini, husoma darasani kuhusu kubadilishana kwa fedha za kigeni. Anachora mstari wa usambazaji na mstari wa mahitaji, anapata alama zake. Kwao nyumbani baba analalamika kwamba bonasi imeanguka na kwamba kuna mtu amekula. Huenda yupo aliyekula. Mimi si wakili wa kiwanda chochote. Lakini chai yetu huuzwa kwa dola katika mnada wa Mombasa. Mapema mwaka 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka ilikuwa imeshuka hadi 130 hivi. Kilo ileile, bei ileile ya dola, shilingi pungufu. Si sababu pekee, kuna gharama za kiwanda na madeni, ila ni sababu ambayo kijana huyo ameisomea na hawezi kuitamka mezani kwa baba yake, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ule mchoro ni wa shamba lao.

Najua jibu litakalotolewa: atachimenti itaziba pengo hilo. Haya, niliwahi kuwa mwanafunzi wa atachimenti. Miezi mitatu katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nilijifunza kutoa fotokopi, kununua mandazi na kutambua mlio wa viatu vya bosi. Kile kitabu cha kumbukumbu za kila siku nilikijaza wikendi ya mwisho, kwa kalamu tatu tofauti ili ionekane niliandika kwa nyakati tofauti. Mhadhiri aliyekuja kunikagua alikaa dakika ishirini, akanywa chai, akaniuliza kama ninaendelea vizuri. Nilikuwa ninaendelea vizuri. Hakuuliza ni kitu gani nilichokiona pale ambacho kilipingana na alichonifundisha, na laiti angeuliza ningetetemeka, maana sikuwa na nadharia yoyote ya kupingwa.

Hapo ndipo penye ufa. Mtu asiye na sababu kichwani akitumwa kazini huona watu wakifanya kazi, naye huiga. Akitumwa na swali, hata ofisi ya fotokopi humfundisha. Mhadhiri wa hesabu za kampuni angeweza kuanza muhula kwa kuwaambia wanafunzi walete stakabadhi za malipo ya kahawa za wazazi wao, washinde wiki wakizifumua, makato hadi makato. Hilo halihitaji karakana wala mfadhili, wala tume. Linahitaji mhadhiri anayejua somo lake kwa kina kiasi cha kutoogopa karatasi ambayo hakuiandaa yeye. Na hao, nakiri, ni wachache kuliko karakana.

Nirudi Mbeere. Jioni ile kijana wa chumvi aliketi kwenye benchi nje ya ofisi, akafungua kitabu chake cha atachimenti, akaandika kwamba amewafunza wakulima kupima unyevu wa mahindi na kwamba mahindi yamepatikana kuwa makavu. Swali la yule mama hakuliandika. Msimamizi wake alisoma, akatia sahihi, akagonga muhuri. Ng'ambo ya barabara, kina mama walikuwa wakimalizia kushona vinywa vya magunia.