Wonder Woman aliyelelewa kuzimu: kwa nini mashabiki wanavutana?

Oktoba 2024, kampuni ya DC Comics ya Marekani ilitoa toleo la kwanza la Absolute Wonder Woman, katuni iliyoandikwa na Kelly Thompson na kuchorwa na Hayden Sherman. Humo Diana hakukulia kisiwani kwa Waamazoni. Amelelewa kuzimu na mchawi Circe, ana upanga mkubwa ajabu, na farasi wake mwenye mabawa ni mifupa mitupu.

Je, huyu bado ni yeye?

Swali si geni. William Moulton Marston, aliyembuni mwaka 1941, alisimulia kwamba Malkia Hippolyta alimfinyanga binti yake kwa udongo. Baba hakuwapo. Mwaka 2011 Brian Azzarello na Cliff Chiang wakamfanya Diana mtoto wa Zeus, nao Waamazoni wakageuka wavamizi wa meli, wanaolala na mabaharia kisha kuwaua. Michoro ilisifiwa sana, ila wapo mashabiki ambao hawajasamehe hadi leo.

Tunavyoona sisi, kilichowauma ni kuona sifa ya mama inahamishiwa kwa baba. Thompson ameondoa mengi zaidi, lakini mama amembakiza: Circe analetewa kichanga asichokitaka, na taratibu anakipenda. Huruma ya Diana inatoka kwa mwanamke aliyemlea, kama zamani.

Hata hivyo, wanaolilia kisiwa wana hoja. Wonder Woman alikuwa shujaa mwenye ukoo mzima wa wanawake nyuma yake. Huyu wa sasa ameanza peke yake, kama Batman.