Twamtafuta Mungu, au Twatafuta Mkate?



Mtu akisimama hapa Kiriri wakati wa jioni auona mji wote chini yake: bandari, mabati ya Buyenzi na Bwiza, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika milima ya Uvira. Usiku wa giza taa za wavuvi wa ndagala hujipanga majini kama mji wa pili. Mimi hupenda kuzitazama, na mara nyingi huwakumbuka watu wengine waliovuka ziwa lingine kwa mashua wakimtafuta Yesu. Habari zao zimo katika Injili ya Yohane, mlango wa 6. Siku iliyotangulia walikuwa wamelishwa, watu elfu tano kwa mikate mitano na samaki wawili. Kesho yake wakamfuata hata Kafarnaumu, naye hakuwasifu kwa safari ile. Alijua kuwa kilichowapandisha mashuani ni tumbo.

Nimekumbuka habari hiyo kwa sababu ya sanduku. Katika kanisa letu dogo la shule liko sanduku ambamo kila mwanafunzi aweza kutia karatasi ya ombi lake, na muhula uliopita nilipewa kazi ya kuzisoma kabla ya misa. Basi nilisoma. Huyu aomba kufaulu hesabu. Huyu aomba viza ya Kanada. Huyu aomba baba yake apate mafuta ya gari, maana mwajua wenyewe jinsi foleni za mafuta zilivyoutesa mji wetu miaka hii. Mwingine aomba viatu vya mpira, naye ameandika hata namba ya mguu, pengine asije Mungu akakosea! Tulicheka. Lakini katika karatasi zote zile sikuona hata moja iliyoomba moyo wa kusamehe, wala ujasiri, wala imani.

Msidhani kwamba nawacheka wenzangu tu. Karatasi yangu mwenyewe ilikuwamo, nayo iliomba alama. Nilisali novena siku tisa bila kukosa, kisha nikashindwa mtihani vibaya sana. Baada ya hapo kwa majuma kadhaa nilikaa kiti cha nyuma kanisani, mikono nimeikunja, nimemnunia Mungu kama mtu aliyelipa fedha dukani asipewe bidhaa yake. Ndipo nilipoona aibu. Nilikuwa mteja, wala si mwana.

Sasa nataka kuwaelezeni habari za wanafunzi wengine. Kusini mwa nchi yetu, katika uliokuwa mkoa wa Bururi, kuna mahali paitwapo Buta (si ile Buta ya Kongo), na hapo pana seminari ndogo, yaani shule ya sekondari kama yetu. Mwaka 1997 Burundi ilikuwa katika vita iliyoanza baada ya Rais Ndadaye kuuawa mwezi wa Oktoba 1993. Watu walikuwa wakitengwa kwa kabila, Wahutu huku, Watutsi kule, na kuuawa. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha waliingia katika bweni la Buta. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, kila kabila upande wake. Wanafunzi wakakataa. Waliamriwa tena, wakashikana. Basi wakapigwa risasi na mabomu ya mkono. Vijana 40 walikufa, wenye umri kama wetu sisi tunaosoma gazeti hili.

Nimeifikiri habari hii mara nyingi. Vijana wale nao bila shaka waliwahi kuomba alama nzuri, na viatu, na mapishi bora kuliko maharage ya kila siku. Nani asiyeomba hivyo? Lakini asubuhi ile kila kitu cha dunia kilikuwa upande mmoja tu: ajitengaye na jirani yake aweza kupona. Wao walichagua kubaki ndugu. Nguvu hiyo haikuletwa na alfajiri ile. Mkuu wao, Padri Zacharie Bukuru, ambaye baadaye aliandika kitabu juu yao, ameeleza kwamba kwa muda mrefu vijana wale walifundishwa kuishi pamoja, kuzungumza waziwazi juu ya chuki iliyokuwa nje ya ukuta, na kusali pamoja. Walikuwa wakiweka akiba ambayo hakuna aliyeiona. Mwaka 2019 maaskofu wa Burundi walifungua rasmi shauri la kutaka watangazwe wenye heri, pamoja na mashahidi wengine wa nchi hii.

Naam, wako watakaonijibu: mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ni rahisi kudharau mkate ukiwa umekula. Na hapa Kiriri, penye majumba makubwa yenye bustani, maneno hayo ni makali zaidi. Jirani yangu darasani huja shuleni kwa miguu kutoka mtaa wa mbali, na siku nyingine hajala kitu tangu jana. Je, nimwambie asiombe chakula? La, hasha! Yesu mwenyewe aliwalisha watu kwanza, ndipo akawakemea. Tena katika sala aliyotufundisha mkate wa kila siku umo. Simwambii mwenye njaa anyamaze. Ila naona kwamba njaa ya jirani yangu yanihusu mimi kwanza. Nikisali ili Mungu amlishe, na andazi langu liko mfukoni, sala hiyo ni uvivu mtupu.

Siwapendi kabisa wale wahubiri wasemao kwamba mwenye imani hupata gari na nyumba, na asiyepata imani yake ni haba. Kwa kipimo hicho wale 40 wa Buta hawakuwa na imani hata chembe, maana hawakupata gari, wala nyumba, wala uhai wenyewe. Mimi siwezi kukubali jambo hilo. Mtume Paulo pia aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, asiondolewe. Alipewa neema ya kuuchukua.

Kwa hiyo nina shauri moja, nalo si kubwa. Mwaka huu, kabla ya mitihani, tusianze na ile novena ya kufaulu. Tuanze na misa ya tarehe 30 Aprili kwa ajili ya vijana wa Buta, na siku hiyo kila karatasi iombe kitu kisichoweza kununuliwa. Kando ya sanduku tuweke kikapu, na mwenye daftari la ziada, au kalamu, au nauli, atie humo kwa ajili ya wenzetu wanaokosa. Nimempelekea padri wetu shauri hili. Amecheka kidogo, akaniuliza kama mimi mwenyewe nitaweza kukaa siku nzima bila kuomba alama za hesabu. Nimemwambia nitajaribu.