Bangi ya leo si ile ya babu

Mzazi humleta kliniki kijana anayesikia sauti zisizokuwapo, kisha husema: "Daktari, hata babu yake alivuta bangi na hakurukwa na akili." Huenda ni kweli. Lakini bangi imebadilika.

Kilevi chake, THC, hutengenezwa hasa katika vitezi vya utomvu vilivyo kwenye maua ya mmea jike. Ua likikomaa, vitezi hivyo huinuka juu ya vikonyo mfano wa uyoga, na vichwa vyake hujaa utomvu. Wanaozalisha mbegu huchagua mimea yenye utomvu mkali zaidi. Wakulima nao hung'oa madume ili maua yasitie mbegu. Nchini Marekani, bangi iliyonaswa mwaka 1995 ilikuwa na THC asilimia 4 hivi; mwaka 2014 ilifikia asilimia 12.

Kwa maoni yangu, tunakosea kuhesabu misokoto pekee. Msokoto mmoja wa leo waweza kuwa na nguvu ya mitatu ya zamani, na ubongo wa kijana ungali unakua. Mzazi, ukiona mwanao amebadilika, weka fimbo chini. Mpeleke hospitali mapema.